Giaboksi ya Mjomba na Mbuzi wa Bibi

Naikumbuka asubuhi moja pale Kinole, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba na mimi nimelala chali chini ya gari, grisi imenijaa mpaka kwenye nyusi, moyoni nina furaha ya mtu anayekaribia kusafiri. Ukiniuliza ni asubuhi gani ya maisha yangu ningependa nirudishiwe, ningekutajia hiyo, grisi na yote.

Sijafika umri wa kukaa kwenye kiti cha wazee. Nina miaka arobaini na kitu, na ndevu ndiyo kwanza zimeanza kuchanganya rangi. Lakini siku hizi nikishuka kwenye bodaboda pale sokoni, vijana wananiwahi na shikamoo kabla sijatoa nauli, na mtu akishaamkiwa namna hiyo inabidi awe na la kusema. Mimi ni mtu wa njia. Nimeishi Mbeya, nimeishi Tunduru, nimeishi Mwanza, na kila nilikofika nilipata kazi na nikapata watu. Kilichonipatia hayo yote nilifundishwa mbele ya nyumba ya bibi yangu, wakati ule nilipokuwa najiona nimeshamaliza kufundishwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa muda kwenye gereji moja ya njia ya kwenda Mzinga, nikajua kufungua injini, nikajua pia kutembea kama mtu anayejua kufungua injini. Halafu nikarudi Kinole kuaga. Kulikuwa na rafiki yangu Mbeya aliyeniambia kuna kazi, na treni ya kwenda huko inapita Kisaki. Nilichotaka ni kuwa Kisaki siku ya Ijumaa, treni inapopita. Kwingine kote duniani mtu angefunga begi akaondoka. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakulea na anakupenda, ila mjomba ndiye anayekuruhusu, na kuondoka bila dua ya mjomba ni kama kutoka nyumbani bila viatu. Unaweza, lakini kila jiwe utalisikia.

Mjomba wangu, Mjomba Athumani, alikuwa mkulima wa machungwa na pilipili manga, na alikuwa na gari. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani, ngumu, ile inayovuta magurudumu yote manne, mabati yake yamenyooshwa kwa nyundo mara nyingi mpaka yakawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kijiji kizima kililiita Kikohozi, kwa sababu ulikuwa unalisikia linakohoa tangu kule bondeni kabla hujaliona. Wakati ule njia ya kupanda kwetu haikuwa hii mnayoijua. Mvua ikinyesha, kilichobaki cha kushusha matunda mjini ni vichwa vya akina mama na Kikohozi.

Na Kikohozi alikuwa mgonjwa. Klachi ilikwisha. Ukikanyaga mafuta injini inalia, gari halisogei, na harufu ya kuungua inapanda mpaka puani. Machungwa yalikuwa yamejaa kwenye magunia chini ya paa la bibi.

"Mpwa," mjomba akaniambia siku nilipofika, kabla hata sijakaa, "treni unaitaka?"

"Naitaka, mjomba."

"Basi itoe hiyo giaboksi, tubadilishe klachi, uirudishe. Kikohozi akipanda kilima cha shule kwa nguvu zake, nitakushusha mjini mwenyewe na dua nitakuombea. Asipopanda, utashuka kwa miguu, na dua utamwomba dereva wa treni."

Nikacheka. Kutoa giaboksi ilikuwa kazi niliyoifanya gerejini nikiwa napiga mluzi. Nikamwambia kesho tu itakuwa chini.

Ndiyo maana asubuhi ile ukungu ulinikuta uvunguni. Tulikuwa tumelisukuma gari mpaka kwenye uwanja wa bibi, pahali pekee palipokuwa tambarare. Nilikuwa nimeshatoa viti na mabati ya sakafu, nimefungua shafti ya mbele na ya nyuma, zilizobaki ni bolti zinazozunguka mdomo wa giaboksi pale inapobusiana na injini. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya magimbi. Yeye aliniita mume wake tangu nazaliwa, kama mabibi wetu wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Mume wangu," akasema, "ukimaliza kulala na hilo gari uje unywe chai. Mke wako wa kwanza nipo hapa."

"Nakuja, bibi. Namalizia bolti."

Hapo mjomba akainama, kichwa chake kikatokea kati ya magurudumu. "Hizo bolti unaziweka wapi?"

Nikamwonyesha kopo la maziwa ya unga. Mjomba akalitazama kopo kama mtu anayetazama mchumba ambaye hakumpenda.

"Toka humo," akasema. "Nenda kakate mgomba. Mgomba uliokwisha vunwa, ule mkavukavu. Upasue katikati. Uchore juu yake mdomo wa giaboksi kwa mkaa, na kila bolti unayoitoa uichomeke pale pale ilipotoka. Juu juu, chini chini. Kisha uning'inize bandani, kwenye boriti."

"Gerejini tunatumia kopo, mjomba."

"Na zikibaki bolti mwishoni?"

"Zikibaki zinabaki."

"Ndiyo maana nimekwambia mgomba."

Hii ilikuwa desturi yake, na ya madereva wote wa milimani wa rika lake. Walijifunza ufundi porini, gari limelala kwenye matope, hakuna meza, hakuna kabati. Kilichokuwepo kila mahali ni mgomba. Ni laini, bolti inaingia kwa kidole, haianguki, haipotei kwenye majani, na ukitazama unaona giaboksi yako yote imechorwa mbele yako, ndefu ziko wapi na fupi ziko wapi.

Nilitii, ila nilitii kwa haraka. Mgomba mkavu ulikuwa kule bondeni, nikakata mgomba mchanga uliokuwa karibu na choo, mweupe, wenye maji. Nilichora mdomo, nikachomeka bolti. Nilipomaliza, kamba ya kuning'inizia ilikuwa ndani, na kuingia ndani kulitaka kunawa miguu. Nikauweka mgomba chini, kando ya mafiga ya bibi.

Mchana wakaja vijana wenzangu kunyanyua. Giaboksi ya gari lile, pamoja na ile ndogo ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, si kitu cha mtu mmoja. Tulipitisha mti wa mkaratusi kwenye mlango wa huku mpaka mlango wa huku, tukaifunga kwa kamba, wawili kulia, wawili kushoto, mimi ndani nikiongoza. Rafiki yangu Kobelo, mtu mwenye maneno kuliko nguvu, alikuwa nyuma.

"Taratibu," nikasema. "Irudisheni nyuma kwanza."

"Irudi nyuma wapi? Nyuma niko mimi."

"Basi rudi wewe."

"Mwambieni huyu fundi wa Mzinga kwamba mguu wangu haurudishwi, umekanyagwa."

Tulicheka mpaka tukakaribia kuiangusha. Lakini ilitoka, nzima, ikapita mlangoni kama bibi harusi mnene, tukaiweka juu ya magunia. Klachi ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki ng'aring'ari kama sahani. Mjomba akaitia kwenye mfuko, na alfajiri iliyofuata akashuka mjini na lori la matunda kutafuta nyingine ya namna ile.

Mimi nikabaki nasafisha. Jua lilikuwa zuri, mlima umejifungua wote, unaona mashamba mpaka kule juu msitu unapoanzia. Nilikuwa nakwangua uchafu kwa mafuta ya taa huku kichwani nimeshakaa dirishani kwenye treni, napita Mlimba, nanunua ndizi za kukaanga kwa watu nisiowajua. Nikasikia kitu kimegonga jiwe. Ting. Baadaye kidogo, ting tena.

Nikageuka. Mbuzi wa bibi, jina lake Chausiku, alikuwa amesimama juu ya mgomba wangu. Alikuwa ameshakula upande wote wa kushoto wa giaboksi, na sasa anaanza upande wa kulia. Kila anapofika kwenye bolti anaitema pembeni kwa adabu, kama mzee anayetema mbegu za chungwa.

Nilipiga kelele ambayo Kobelo aliisikia shambani kwao. Akaja, wakaja na wengine, tukapiga magoti uwanja mzima tunapapasa. Kobelo aliokota kila kitu: bolti, msumari, kifuniko cha soda, kifungo cha kanzu ambacho bibi alikuwa amekitafuta tangu Idi. Tulizikusanya bolti kwenye ungo. Nikaenda kwenye mdomo wa giaboksi, nikaanza kuzilinganisha na matundu, tundu kwa bolti, tundu kwa bolti. Mwisho tundu moja likabaki tupu. La chini, upande wa kushoto.

Tukarudi kupapasa. Tukafagia. Tukachunga mchanga kwa chekecheke. Hakuna.

Ndipo Kobelo akamgeukia Chausiku, ambaye alikuwa amelala kivulini anacheua bila wasiwasi. Akamwekea sikio ubavuni.

"Imo humu," akasema. "Naisikia."

"Unasikia nini?"

"Inagonga."

"Inayogonga ni njaa yako, Kobelo," bibi akasema kutoka mlangoni. "Tangu umeota meno hujawahi kumtazama mbuzi wangu kwa heri."

"Bibi, hatuna nia mbaya. Tunamfungua tu, tunatoa bolti, tunamfunga. Kama giaboksi."

"Mtamfunga kwa spana namba ngapi?"

Vijana walianguka kwa kicheko. Lakini mimi sikucheka, mwanangu. Niliona treni inaondoka. Duka la spea lilikuwa mjini, mjomba alikuwa mjini, na bolti ya gari la umri ule huipati kwa kuiwazia kichwani. Nikamwendea bibi, nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa sauti ya chini kwamba huyu mbuzi nitamlipa, nikifika Mbeya tu, mshahara wa kwanza, nitamletea wawili.

Bibi akanyanyuka, akamshika Chausiku kamba, akamwingiza ndani, akaja akakaa kwenye kizingiti na mchi wa kinu mapajani.

"Mume wangu," akasema, wala hakuwa na hasira, "wewe unaondoka. Ukishanichinjia na mbuzi, mimi nitabaki naongea na nani?"

Nikarudi nikakaa kwenye magunia karibu na giaboksi, nikalitazama lile tundu tupu, nalo likanitazama.

Mjomba alirudi alasiri, ameshushwa na lori kule barabarani, klachi mpya imefungwa kwenye gazeti na iko kwapani kama mkate. Alikuta kijiji nusu kimekaa uwanjani, mama yake mlangoni na mchi, na mbuzi analia ndani ya nyumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Tukamweleza. Tuliongea wote kwa pamoja, kila mtu na sehemu yake, Kobelo na sehemu ya kugonga. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho.

"Tundu lipi limekosa?"

"La chini, kushoto."

Mjomba akavua kofia yake. Nikadhani ananiandaa kwa kofi. Kumbe alikuwa anajifunika nayo mdomo. Alicheka mpaka akashika bodi ya gari, akacheka mpaka machozi, sisi tunatazamana.

"Mama," akasema, akifuta macho, "mfungulie mbuzi. Hilo tundu halina bolti. Halijawahi kuwa na bolti tangu wewe Kobelo hujazaliwa."

Kobelo akasema taratibu, "Lakini mimi niliisikia."

Baada ya kicheko kutulia, mjomba akakaa kwenye magunia kando yangu. Hakupaza sauti. Ndiyo maana yale maneno nayasikia mpaka leo.

"Mpwa, jana ulipofika kwenye tundu hilo na spana yako, ulitoa nini?"

Nikafikiri. "Sikumbuki, mjomba."

"Hukutoa kitu. Palikuwa tupu, ukapita. Kwenye mgomba wako pia pasingekuwa na kitu hapo. Mkono wako ulikuwa Kinole, lakini macho yako yalikuwa yameshapanda treni. Na leo ungemchinja mbuzi wa mama yangu utafute kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho."

Nikainamisha kichwa. Yeye akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayesimulia.

"Unajua kwa nini ni tupu? Nilikuwa kijana kama wewe. Gari liliniharibikia njia ya Kisaki, nikaifungua hiyo hiyo giaboksi kwenye majani. Jioni kulikuwa na ngoma mbele, na kwenye ngoma kulikuwa na shangazi yako, huyu mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa shangazi wa mtu. Nikarusha bolti huku na huku. Wakati wa kufunga nikaokota yoyote, nikaitia hapo. Ikakataa. Nikailazimisha. Ilikuwa ndefu kuliko tundu, ikala uzi wote wa ndani unaoishika bolti. Tangu siku hiyo hakuna bolti inayokaa hapo. Mafundi wameshajaribu, wamechoka."

"Na ngoma ulifika?" Kobelo akauliza.

"Nilifika. Na shangazi yenu nilimpata. Lakini kila ninapopanda mlima na mzigo, giaboksi inatetemeka upande ule. Nimeendesha gari miaka yote hii nikisikiliza haraka ya siku moja."

Akanyanyuka, akavunja njiti za ufagio wa chelewa wa bibi, akanipa huku bibi akilalamika. "Sasa ramani yako imeliwa. Tengeneza nyingine. Tumbukiza njiti kwenye kila tundu, ivunje pale inapofika mdomoni, halafu tafuta bolti yenye urefu huo. Taratibu. Mgomba niachie mimi."

Na kweli, alikwenda mwenyewe bondeni, akarudi na mgomba mkavu. Nikapima tundu moja moja, nikachomeka bolti moja moja, pale chini kushoto nikapaacha wazi. Niliimaliza kazi ile kabla jua halijazama, nikanawa miguu, nikaingia ndani, nikatoa kamba, nikauning'iniza mgomba kwenye boriti. Chausiku alisimama chini yake akiutazama kwa huzuni.

Siku iliyofuata tukairudisha. Klachi mpya niliiweka katikati kwa kipande cha mti wa mpera nilichokichonga kama ncha ya shafti, ili giaboksi ipate njia ya kuingia, ufundi niliokuja nao kutoka gerejini, na hapo mjomba aliutazama ule mti, akaupitishia kidole, akasema tu, "Huu umechongwa na mtu aliyetulia." Nilijisikia mrefu.

Vijana wakabeba, tukaipitisha mlangoni, tukaisogeza kwenye injini. Iliingia vizuri, kisha ikasimama. Kati ya giaboksi na injini likabaki pengo la upana wa kidole. Tukasukuma. Tukasukuma kwa wimbo, wale wawili wa kulia wakiimbia wale wawili wa kushoto. Pengo halikupungua. Jasho likawatoka, mti wa mkaratusi unapinda.

"Tia bolti," Kobelo akasema akihema. "Tia bolti, uzikaze zote kwa pamoja, zitaivuta zenyewe. Si umeniambia gerejini mnafanya hivyo?"

Nilikuwa nimemwambia. Na gerejini tulifanya hivyo. Bolti nilikuwa nazo mkononi na spana nilikuwa nayo, na kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya kushuka. Mjomba alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, anatazama mlima kana kwamba hakusikia kitu.

Nikatazama chini kushoto, kwenye lile tundu.

"Hapana," nikasema. "Pumzikeni kidogo, ishikeni tu, msisukume." Nikaweka gia. "Kobelo, nenda nyuma, ushike pale shafti ya nyuma inapofungwa, uizungushe polepole. Polepole kabisa, kama unakuna nazi usiku watu wamelala."

"Mimi nimekuja kubeba, sasa nimekuwa mpishi."

Alizungusha. Nikaweka kiganja changu juu ya giaboksi, nikafumba macho. Nilisikia meno yake yanatafutana na meno ya klachi, yanakosana, yanakosana, kisha yakapatana. Hakuna aliyesukuma. Ikaingia yenyewe, kwa sauti ndogo, kama kifuniko cha bweta, na pengo likafungika.

Nilipofumbua macho mjomba alikuwa ameshageuka. Hakunisifu. Alichukua mgomba kutoka kwenye boriti, akaja akachutama mlangoni pa gari, akaanza kunipa bolti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemkabidhi mwenzake watoto. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile.

Mchana tukamjaribu Kikohozi. Kila aliyebeba alipanda nyuma, na ambao hawakubeba nao wakapanda, juu ya magunia ya machungwa. Bibi akatoka akiwa amevaa khanga yake ya kutokea, kamba ya Chausiku mkononi, akafungua mlango wa mbele.

"Mama, na mbuzi pia?" mjomba akauliza.

"Nikimwacha na hawa wanaobaki? Msogezee miguu."

Hivyo ndivyo tulivyopanda kilima cha shule: mjomba kwenye usukani, bibi katikati, mbuzi ameweka kichwa dirishani, mimi nyuma nimeshika chuma kwa mikono miwili nasikiliza. Mjomba akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na Kikohozi akakohoa mara moja, akajikaza, akaanza kupanda. Upande ule wa kushoto ulitetemeka kidogo, kama alivyosema. Wanafunzi walitoka madarasani kutushangilia, na walimu wakashindwa kuwarudisha kwa sababu nao walikuwa wanacheka. Kule juu mjomba akazima injini, akashuka, akanishika kichwa kwa mikono yake yenye mafuta, akaniombea dua mbele ya watu wote na mbuzi. Alhamisi alinishusha mjini, na Ijumaa nikawa Kisaki, nimekaa juu ya begi langu, nasikiliza reli.

Sasa, mwanangu, nikwambie kilichokuja baada ya hapo. Nimehama mara nyingi. Ni maradhi yangu, nikikaa mahali nikazoea majirani naanza kuangalia barabara. Lakini kila nilipoondoka, nilifanya kama mjomba alivyonifundisha. Nyumba ya kupanga niliipaka kuta chokaa kabla ya kurudisha ufunguo. Kazi niliyoiacha nilimwonyesha aliyenifuata kila kitu kiko wapi. Watu niliokosana nao nilikwenda kuwaaga, hata pale ambapo mguu ulikuwa mzito. Kwa hiyo leo naweza kurudi. Tunduru kuna mlango ambao nikibisha, chai inawekwa motoni kabla sijasema jina. Mtu anayehamahama asiye na pa kurudi anakuwa kama kitu kilichodondoka barabarani.

Mwaka huu nimerudi Kinole. Bibi ametangulia, Mungu amrehemu. Mjomba ni mzee sana, kofia ile ile. Na Kikohozi yupo, na klachi imekwisha tena. Tuliitoa giaboksi, mimi na Kobelo, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu. Kijana wake mmoja akatoa simu, akapiga picha bolti zote kabla hatujagusa spana. Nikamwambia vizuri sana, hiyo ni akili, picha haining'inizwi wala hailiwi. Lakini mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake uwanjani, akanyoosha fimbo kuelekea bondeni, na mimi, na mvi zangu, nikaenda kukata mgomba. Mkavu. Nilipofika kwenye tundu la chini kushoto nilitulia, nikaligusa kwa kidole, nikapita.

Basi nasaha yangu ni hii. Nenda. Sikuzuii, dunia ni tamu na wewe miguu unayo. Lakini unapofungua kitu, iwe ni gari, iwe ni kazi, iwe ni urafiki au nyumba ya mama yako, kifungue ukiwa upo pale pale, macho yako yakiwa kwenye mkono wako. Angalia kila kinachotoka kilitoka wapi. Kisipoingia wakati wa kurudisha, usikikaze kwa nguvu, kizungushe, kisikilize, kwa sababu kuna haraka ambayo utaisikia ikitetemeka chini ya kiti chako maisha yako yote. Na kabla hujamlaumu mtu au mnyama kwa kilichopotea, jiulize kwanza kama ulikuwa nacho.

Na dua ninayokupa ni ile niliyopewa juu ya kilima cha shule, sijaongeza neno: Uende salama, ufike salama. Mungu akupe watu wa kukunyanyulia uzito na wakuchekeshe wakiwa wameubeba. Ulichofungua kifungike mkononi mwako, na siku ukigeuza uso kurudi, mlima ukutambue.

Amina. Haya, nenda. Ila hakikisha kwanza mbuzi amefungwa.